Kukadiria hewa ya mapafu kwa mtu mnene unapopima mafuta ya mwili: mwongozo kamili

Mwanamke wa miaka 42, urefu sentimita 160, uzito kilo 92. Anapimwa mafuta ya mwili kwa kuzamishwa kwenye tangi la maji, anatoka na asilimia 45.7. Anajikausha, anaingia kwenye kile chumba kidogo cha kupimia kwa hewa, anatoka na 48.3. Hajala, hajanywa, hajaenda hata msalani katikati ya vipimo hivyo. Pointi 2.6 zimetoka wapi?

Zimetoka kifuani mwake. Mashine zote mbili zilihitaji kujua ana hewa kiasi gani kwenye mapafu, zote mbili zikaikadiria kwa urefu na umri wake, na kila moja ikakosea kuelekea upande wake. Mfano huu ni wa kutunga kwa ajili ya hesabu, lakini namba zake ni za kawaida kabisa kwa mtu wa umbo hilo. Nitaenda nao mwongozo mzima ili uone kila hatua inabadilisha nini.

Mwongozo huu ni wa wanaopima: mafundi wa maabara, wanafunzi wa sayansi ya michezo, wataalamu wa lishe, na watafiti wanaofuatilia watu wanaopunguza uzito. Kama wewe ndiye unayepimwa, soma walau sehemu ya hatua ya kwanza na ya mwisho, ujue la kuuliza.

Hewa inaingiaje kwenye hesabu ya mafuta

Kanuni ni ile ya Archimedes. Tunatafuta ujazo wa mwili, tunagawa uzito kwa ujazo huo, tunapata densiti. Mafuta yana densiti ya takriban gramu 0.9007 kwa sentimita moja ya ujazo. Sehemu isiyo mafuta, yaani misuli, mifupa, maji na viungo vya ndani, huchukuliwa kuwa 1.100. Kwa hiyo densiti ya mwili mzima inakuambia mchanganyiko ukoje. William Siri aliiweka kwenye fomula ambayo bado inatumika kila mahali: asilimia ya mafuta = (495 ÷ densiti) − 450.

Umaarufu wa njia hii ulianzia kwa Albert Behnke, daktari wa jeshi la majini la Marekani. Mwaka 1942 yeye na wenzake waliwapima wachezaji wa futiboli ya Kimarekani ambao kwa jedwali la uzito walionekana wanene mno, wakati ukweli walikuwa ni misuli mitupu.

Tatizo ni kwamba hewa ina ujazo lakini karibu haina uzito. Lita moja ya hewa kifuani usiyoihesabu inaifanya mashine iamini kuna lita nzima ya kitu chepesi mwilini, na kitu chepesi kwa fomula ya Siri ni mafuta.

Ukiichezea fomula hiyo kidogo unapata kanuni ambayo ningependa kila fundi aibandike ukutani: kosa la lita 0.1 kwenye ujazo wa mwili ni sawa na pointi 49.5 ÷ uzito wa mtu kwa kilo. Kwa mtu wa kilo 60 ni pointi 0.83. Kwa mama yetu wa kilo 92 ni 0.54. Kwa mtu wa kilo 120 ni 0.41. Ina maana kosa lilelile la hewa humwathiri mtu mzito kidogo kuliko mwembamba. Hiyo ndiyo habari njema pekee. Mbaya ni kwamba kwa mtu mnene kosa lenyewe huwa kubwa zaidi, na huelekea upande mmoja.

Hatua ya kwanza: jua mashine yako inataka hewa ipi

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Hewa ya mapafu haina kipimo kimoja. Viwili vinatuhusu.

Cha kwanza ni hewa baki, ile inayobaki kifuani hata baada ya mtu kutoa pumzi yote anayoweza. Mashine nyingi huiandika RV. Tangi la maji linahitaji hii, kwa sababu mtu anazama akiwa ametoa pumzi yote.

Cha pili ni hewa ya utulivu, ile inayokuwa kifuani mwisho wa pumzi ya kawaida, mtu akiwa amekaa bila kujikaza. Huandikwa FRC. Chumba cha hewa, ambacho kinachojulikana zaidi ni BOD POD, hutumia hii pamoja na nusu ya pumzi moja ya kawaida, kwa kuwa mtu anapumua taratibu muda wote wa kipimo. Jumla hiyo huitwa TGV. Tofauti kati ya hewa ya utulivu na hewa baki ni hewa ya akiba: ile unayoweza kuisukuma nje ukijikaza baada ya pumzi ya kawaida kuisha.

Sasa angalia unene unavyoziathiri. Mafuta ya tumboni na kifuani hukisukuma kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) juu na kuzilemea mbavu. Mtu akitulia, kifua chake hupumzika kikiwa kimeshuka kuliko cha mtu mwembamba. Hewa ya akiba inaliwa kwanza, na hewa ya utulivu inashuka pamoja nayo. Hewa baki haishuki sana, kwa sababu inategemea zaidi kufunga kwa njia ndogo za hewa na uwezo wa misuli kubana kifua. Jones na Nzekwu, watafiti wa Kanada, walilionyesha hili vizuri mwaka 2006: mtu mwenye BMI (uzito kwa kilo ukigawanywa kwa mraba wa urefu kwa mita) ya 30 alikuwa na asilimia 75 tu ya hewa ya utulivu ya mtu mwenye BMI 20, na asilimia 47 ya hewa ya akiba. Hewa baki na ujazo mzima wa mapafu vilipungua kwa takriban nusu asilimia tu kwa kila nyongeza moja ya BMI. Na sehemu kubwa ya anguko hilo hutokea mapema, kabla mtu hajafikia unene wa kupindukia. Usidhani mwenye BMI 28 yuko salama.

Fomula za makadirio hazijui lolote kati ya haya. Karibu zote zinauliza urefu, umri na jinsia, uzito hauingii. Kwa hiyo kwa mtu mnene zinakisia hewa nyingi kuliko iliyopo: kidogo kwa hewa baki, sana kwa hewa ya utulivu.

Jambo la mwisho la hatua hii ndilo linaloeleza zile pointi 2.6. Kwenye tangi, hewa baki *inaondolewa* kwenye ujazo uliopimwa. Ukiikadiria kubwa mno, mwili unaonekana mdogo, densiti inapanda, mafuta yanatoka pungufu. Kwenye chumba cha hewa ni kinyume. Hewa ya ndani ya mapafu husongeka kwa urahisi zaidi kuliko hewa ya chumbani, kwa takriban asilimia 40, kwa sababu inabaki kwenye joto lilelile. Hilo huufanya mwili uonekane mdogo kuliko ulivyo, kwa hiyo mashine *huongeza* asilimia 40 ya TGV. Ukikadiria TGV kubwa mno, mwili unavimba kwenye hesabu na mafuta yanatoka zaidi.

Hatua ya pili: chuja na uandae

Usimwambie mtu ajikamue pumzi yote kabla ya kuuliza. Pafu lililopasuka na kuvuja hewa hivi karibuni, mshtuko wa moyo wa karibuni, upasuaji wa karibuni wa jicho, kifua au tumbo, kukohoa damu: mrudishe kwa daktari. Mwenye kikohozi cha wiki mbili na zaidi apimwe TB kwanza. Mrija wa kupulizia ni wa pamoja, hata ukiwa na chujio.

Uliza pia kuhusu pumu, sigara, TB iliyokwisha kutibiwa, na miaka ya kupikia kuni kwenye jiko lisilo na dirisha. Njia za hewa zilizoharibika hunasa hewa, hewa baki inapanda juu ya makadirio, na kosa linageuka upande. Mnene mwenye mapafu ya namna hii hakadiriki kwa fomula. Ama umpime, ama utumie njia nyingine.

Saa mbili bila kula wala mazoezi. Msalani kwanza. Nguo ya kuogelea inayobana, na kofia ya kuogelea inayoshika. Kuhusu nywele, huku kwetu neno hili lina uzito wake: rasta, wigi la kushonea na msuko mnene hushika hewa hata chini ya kofia, na kwenye chumba cha hewa nywele zisizobanwa hupunguza ujazo unaosomwa. Mwambie mapema, siku anapopewa miadi. Ukimwambia mlangoni, baada ya kulipia saluni, utakuwa umempoteza. Na mwanamke anayevaa hijabu apimwe na mwanamke, mlango ufungwe.

Urefu upime mwenyewe, bila viatu. Usichukue wa kwenye kitambulisho. Fomula zote zimejengwa juu ya urefu, na sentimita 5 za kusingizia ni lita 0.16 za hewa baki kwa fomula ya wanawake inayofuata.

Hatua ya tatu: kadiria hewa baki kwa fomula, na ujue mpaka wake

Fomula mbili zinatosha. Ya kwanza ni ya Goldman na Becklake ya mwaka 1959, kazi iliyofanyika Johannesburg, kwenye mwinuko unaokaribiana na wa Nairobi. Umri ni kwa miaka, urefu kwa sentimita, jibu kwa lita:

Wanaume: (0.017 × umri) + (0.027 × urefu) − 3.447
Wanawake: (0.009 × umri) + (0.032 × urefu) − 3.900

Ya pili ni ya Ulaya, ile ya Quanjer na wenzake ya 1993. Hapa urefu ni kwa mita:

Wanaume: (1.31 × urefu) + (0.022 × umri) − 1.23
Wanawake: (1.81 × urefu) + (0.016 × umri) − 2.00

Kwa mama yetu, ya kwanza inatoa lita 1.60, ya pili 1.57. Zimekubaliana mno, na hapo ndipo mtego ulipo. Kukubaliana kwake hakuthibitishi chochote kuhusu *yeye*, kwa kuwa zote mbili zimeangalia urefu na umri tu. Fomula ya Ulaya yenyewe ina mtawanyiko wa lita 0.35 kwa wanawake na 0.41 kwa wanaume, kwa watu wa kawaida wenye afya. Kwa kilo 92, lita 0.35 ni pointi 1.9 za mafuta. Hata unene ukiuweka pembeni, makadirio pekee yanaweza kupishana na ukweli hadi karibu pointi 2 kila upande kwa theluthi mbili ya watu, na zaidi ya hapo kwa waliobaki.

Utakutana pia na njia ya mkato: pima kwa spirometa hewa yote mtu anayoweza kuitoa, kisha chukua asilimia 24 yake kwa mwanamume au 28 kwa mwanamke kuwa hewa baki. Kwa mtu mnene iache. Mama yetu akipuliza lita 2.7, njia hii inampa hewa baki ya lita 0.76, nusu ya fomula nyingine. Hesabu ya tangi inaruka mpaka asilimia 50.2. Sababu inaonekana: unene umepunguza anachoweza kupuliza, ukaacha hewa baki karibu ilivyokuwa, na umri nao unaiongeza hewa baki huku ukipunguza pumzi. Uwiano uliotoka kwa vijana hauwezi kushika hapo.

Kuhusu asili ya watu waliopimwa: hata viwango vipya vya kimataifa vya ujazo wa mapafu, vya GLI (mpango wa kimataifa wa watafiti wa mapafu) vya 2021, vilitokana na watu wa asili ya Ulaya. Kupachika asilimia ya kupunguza kwa sababu mtu ni Mwafrika kulizoeleka sana kwenye spirometa, na sasa kunaachwa. Usiipachike kwenye hewa baki. Ukiwa na shaka na fomula, dawa yake ni kupima.

Hatua ya nne: pima, kama una njia yoyote

Nitatumia muda hapa, maana ndipo faida kubwa ilipo.

*Heliamu.* Mtu anapumua ndani ya mzunguko uliofungwa wenye ujazo unaojulikana na heliamu kidogo. Heliamu haiingii kwenye damu kwa kiasi cha kujali, inaenea tu mpaka mapafuni na kupungua ukali. Hesabu: hewa ya utulivu = ujazo wa mzunguko × (heliamu ya mwanzo − ya mwisho) ÷ ya mwisho. Kwa mama yetu, mzunguko wa lita 6 ulioanza na asilimia 10 ukatulia kwenye 7.5 unatoa 6 × 2.5 ÷ 7.5 = lita 2.0. Ondoa ujazo wa kipande cha mdomoni, na hakikisha oksijeni inaongezwa kufidia anayotumia. Kisha, bila kutoa mrija mdomoni, mwambie atoe pumzi mpaka mwisho. Akitoa lita 0.6 za akiba, hewa baki yake ni 1.4.

*Nitrojeni.* Mtu anavuta oksijeni tupu, na nitrojeni iliyokuwa mapafuni inasafishwa na kuhesabiwa inavyotoka, mpaka ishuke chini ya asilimia 1.5. Adui hapa ni kuvuja. Mashavu manene na meno yaliyopungua huacha mwanya pembeni mwa mrija, nitrojeni ya chumbani inaingia, na hewa inatoka nyingi kuliko ilivyo. Ukiona mchoro wa nitrojeni unashuka vizuri halafu unarukia juu ghafla, simamisha. Hakuna cha kuokoa kwenye jaribio hilo.

*Sanduku la plethismografia.* Mtu anakaa ndani ya kisanduku cha vioo, njia ya hewa inafungwa kwa sekunde chache, anahema kwa wepesi dhidi ya kizuizi, na mabadiliko ya shinikizo yanatoa ujazo. Hili huona hata hewa iliyonaswa ambayo heliamu haifiki, kwa hiyo kwa mwenye pumu au mvutaji ndilo la kuaminika. Mtu mwenye mwili mkubwa hupunguza hewa iliyobaki sandukuni, basi uzito wake lazima uingizwe sahihi kabla ya kuanza.

Njia yoyote, akae wima, miguu chini, mkanda wa nguo umelegezwa. Rudia mpaka upate majibu matatu ya hewa ya utulivu yaliyo ndani ya asilimia 5. Na mfundishe *kabla*. Watu wanene wengi hujikaza tumbo wakiangaliwa, na tumbo lililokazwa hubadilisha pumzi ya utulivu. Mwache apumue kwenye mrija dakika moja nzima ukiangalia mstari wa mwisho wa pumzi: ukitulia kwenye kiwango kimoja, ndipo ufunge vali.

Kisha kuna joto na shinikizo. Hewa iliyotolewa ikapoa kwenye mashine lazima irudishwe kwenye hali ya mwilini: nyuzi 37, imejaa mvuke. Kwenye chumba cha nyuzi 30 usawa wa bahari unazidisha kwa 1.045; kwa nyuzi 25, 1.075. Ukiwa Nairobi, Mbeya au Bujumbura, weka shinikizo halisi la mahali ulipo. Lile linaloonyeshwa na programu ya hali ya hewa kwenye simu limerekebishwa kuwa kana kwamba uko ufukweni. Nairobi simu itakuambia takriban hektopaskali 1015 wakati barometa ya ukutani inasoma karibu 830.

Hatua ya tano: tangini

Mnene huelea. Mama yetu ndani ya maji ana uzito wa *hasi* kilo 1.30, yaani maji yanamsukuma juu kuliko uzito wake unavyomvuta. Mfungie mkanda wa vyuma wa kilo kadhaa, pima kiti na mkanda vikiwa majini peke yake, kisha ondoa uzito huo kwenye usomaji. Maji yawe ya uvuguvugu, nyuzi 33 hadi 36. Kwa nyuzi 34 densiti yake ni 0.9944.

Shida yenyewe iko kwenye pumzi ya mwisho. Mtu mzima asiyezoea maji akizamisha uso, hukoma kutoa pumzi mapema. Unamwambia, "Mama, toa yote, toa, toa, bado ipo." Anaibuka anapangusa macho, "Imekwisha, mwanangu." Lakini uliona mapovu yakikatika ghafla badala ya kufifia, na mizani ikiendelea kucheza. Haijaisha. Lita 0.3 zilizobaki bila kuhesabiwa ni pointi 1.6 zaidi za mafuta kwake. Mwambie aanze kutoa pumzi uso ukiwa bado nje, ainame taratibu akiendelea, na aguse ukingo wa kiti anapohisi hana kitu. Fanya majaribio sita hadi kumi. Usomaji huwa unapanda kadiri anavyojifunza. Chukua wastani wa matatu ya mwisho yanayokubaliana, usiuchanganye na ya mwanzo.

Hesabu yake: (92 + 1.30) ÷ 0.9944 = lita 93.83. Toa 0.1 ya gesi ya tumboni, kiwango kilichozoeleka. Inabaki 93.73. Kwa hewa baki ya fomula, 1.60, ujazo ni 92.13 na mafuta 45.7. Kwa hewa baki iliyopimwa, 1.40, ujazo ni 92.33 na mafuta 46.8.

Asiyeweza kuzamisha uso wala kumaliza pumzi anaweza kupimwa akiwa ameijaza mapafu, mradi hewa hiyo yote iwe imepimwa. Usithubutu kuikadiria: fomula ya ujazo mzima wa mapafu ina mtawanyiko wa lita 0.60 kwa wanawake, pointi 3.2 kwa kilo 92.

Hatua ya sita: kwenye chumba cha hewa

Kwa wanene wengi hiki ndicho chenye heshima zaidi, hakuna maji wala mkanda wa vyuma. Sawazisha kwa silinda ya lita 50, milango na feni zitulie, pima ujazo mara mbili. Vikitofautiana kwa zaidi ya mililita 150, pima cha tatu.

Halafu programu itakuuliza: hewa ya mapafu ipimwe au ikadiriwe? Foleni ikiwa ndefu, kidole kinakwenda kwenye *ikadiriwe*. Kwa mtu mwembamba sitagombana nawe. Kwa mtu mnene, ipime.

Makadirio ya mashine kwa mama yetu yanatokana na fomula ya Crapo ya 1982: (0.0360 × 160) + (0.0031 × 42) − 3.182 = lita 2.71. Ongeza nusu ya pumzi ya kawaida ya mwanamke, 0.35, inakuwa 3.06. Heliamu ilisema hewa yake ya utulivu ni 2.0, kwa hiyo TGV ya kweli ni 2.35. Kosa ni lita 0.71, asilimia 40 yake ni 0.28; pointi 1.5. Ndiyo 48.3 ile badala ya 46.8.

Kuipima: kibanio cha pua, mrija mdomoni, midomo imefungwa vizuri, viganja vimeshika mashavu yasitutumke. Anapumua kawaida akifuata mstari kwenye kioo, vali inajifunga, anapuliza mara tatu kwa wepesi, kama mtu anayetia ukungu kwenye miwani aifute. Wengi hupuliza kama wanazima moto. Angalia namba mbili: kigezo cha ubora kiwe chini ya 1.0, na shinikizo la mdomoni lisizidi sentimita 35 za maji. Ikishindikana mara ya kwanza, toka nje, fanya mazoezi ya mrija ukiwa umekaa naye, rudi. Ikishindikana kabisa na unayo heliamu, chukua hewa yake ya utulivu, ongeza 0.35 kwa mwanamke au 0.6 kwa mwanamume, uiingize kwa mkono.

Hatua ya saba: ukimpima tena baada ya kupungua

Hapa makadirio hudanganya kwa utamu. Mtu akipungua kilo 20, kiwambo kinashuka, hewa ya utulivu inarudi kuelekea kwenye ile iliyokisiwa na fomula. Kosa la pointi 1.5 la mwanzo linayeyuka lenyewe. Chumba cha hewa kikiendelea kukadiria, kitaripoti kwamba amepoteza mafuta mengi kuliko aliyopoteza kweli, na mpango wa lishe utapewa sifa ya pumzi. Tangini, kosa dogo la hewa baki hufanya kinyume, hupunguza mafanikio. Pima hewa upya kila mara, kwa njia ileile, na kamwe usilinganishe jibu la kwanza lililokadiriwa na la pili lililopimwa.

Kama huwezi kupima hewa hata mara moja, fikiria njia isiyohitaji mapafu kabisa: DXA (mashine ya eksirei inayopima mafuta, misuli na mifupa) kama meza yake inabeba uzito wa mtu huyo, au maji yenye deuteriamu (hidrojeni nzito) na sampuli za mate, mbinu ambayo IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, limesaidia kuieneza kwenye nchi kadhaa za Afrika.

Hatua ya nane: ripoti

Andika hewa ilipatikanaje, si namba tu. Mfano: "Mafuta 47%, tangi la maji, hewa baki lita 1.4 kwa heliamu, siku hiyohiyo, amekaa, fomula ya Siri." Kama ni makadirio, taja fomula na uandike jibu linaweza kupishana kwa kiasi gani: kwa mama yetu, "46%, hewa baki imekadiriwa, inaweza kupishana pointi 2 au zaidi."

Fomula ya Siri nayo ina dhana zake. Watu wanene huwa na maji mengi kidogo kwenye sehemu isiyo mafuta, jambo linaloishusha densiti yake chini ya 1.100 na kupandisha mafuta kwenye hesabu. Mwaka 1984 Schutte na wenzake walipendekeza fomula tofauti kwa wanaume weusi, wakidai densiti ya 1.113; tafiti za baadaye hazikuikubali zote. Ukiitumia, itaje, na usibadilishe fomula katikati ya utafiti. Kupima hewa kwa usahihi hakuondoi dhana hizi, kwa hiyo desimali ya pili kwenye asilimia ya mafuta haina kazi. Mama wa kilo 92 ana asilimia 47, na 46.75 iliyochapishwa na mashine ibaki kwenye faili la maabara.